Kuhusu matone ya Ami Athmani

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Watu wa Malindi hawajambo? Huku Lamu kusi inavuma na boti za Mokowe zinarusha maji, lakini tu wazima.

Habari ya Ami Athmani imenitia wasiwasi. Ati ameacha matone kwa kuwa haoni tofauti! Wagonjwa wengi wa presha ya macho hutuponyoka hapo hapo. Mtu amemwona jirani akitolewa mtoto wa jicho na kuona vizuri baada ya siku chache, naye hutaraji chupa imfanyie hivyo. Haitamfanyia. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki. Dawa hushusha presha ili kilichobaki kisipotee. Hayo yasemwe siku ya kwanza, na tuyaseme sisi wauguzi, kwa sababu daktari ana foleni. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hauumi, na huanza kula uoni wa pembeni: mtu husoma herufi zote za ubaoni, kisha akajikwaa barazani.

Mwambie akuoneshe anavyotia. Wengi hutia matatu manne, yakamwagika shavuni, chupa ikaisha kabla ya mwezi. Tone moja latosha. Anawe mikono, ainue uso, avute kope ya chini, adondoshe bila ncha kugusa jicho, afumbe, kisha abane pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika mbili. Asipobana, timololi, mojawapo ya dawa hizi za matone, hushukia puani na kuingia damuni. Ndiyo maana mwenye pumu hapewi, wala mwenye moyo unaopiga polepole. Ami si alikuwa akibanwa na kifua? Angalia kadi yake, tafadhali! Na kama ana chupa ya pili, asubiri dakika tano, tone lisije likaoshwa na jingine.

Ramadhani nayo huwaachisha wengi, wakihofia saumu. Timololi ni mara mbili kwa siku: atie wakati wa daku na baada ya kufuturu. Latanoprosti, dawa nyingine ya matone, ni mara moja, usiku, haina shida kabisa.

Lakini kwanza lile la kwanza: ameambiwa na nani kwamba matone hayatamrudishia macho? Au hakuambiwa? Nani humtilia, mkono wake ukitetemeka? Pesa za chupa zipo? Presha yake mara ya mwisho ilikuwa ngapi, ilizidi 21, kikomo cha kawaida? Na wanawe na ndugu zake wa tumbo moja, hasa waliopita miaka 40, wamepimwa? Waweza kumfikia Ijumaa baada ya swala? Nijibu upesi.

Shoga yako,
Rukia