Barua ya wazi kwa vijana wasomaji wa ngano: msimkimbilie mfalme

Wajukuu zangu, marahaba nyote.

Nasikia mnaiita hadithi ya Allerleirauh, binti mfalme aliyejificha ndani ya joho la manyoya, kuwa imepitwa na wakati: msichana anateseka jikoni, mfalme anamwona, ndoa, basi. Hivyo huisoma mtu mwenye haraka.

Ndugu wawili Grimm waliichapisha Ujerumani mwaka 1812, na mwanzo wake unatisha: mfalme aliyefiwa na mkewe anataka kumwoa binti yake wa kumzaa. Wanaowasomea watoto wadogo huliruka hilo, nami sina ugomvi nao. Lakini ninyi ni watu wazima. Mkiliruka, mtajuaje binti anakimbia nini? Alidai nguo tatu, ya dhahabu kama jua, ya fedha kama mwezi na ya kumetameta kama nyota, pamoja na joho la ngozi za wanyama wa kila namna, akidhani masharti hayo yatamshinda baba yake. Baba akayatimiza yote. Ndipo binti akajipaka masizi, akatoroka usiku.

Sasa tulieni kwenye supu, maana utamu wote uko hapo. Ni mtumishi wa jikoni katika jumba la mfalme mwingine. Mpishi anamruhusu akachungulie dansi kwa nusu saa. Anacheza na mfalme, anatoweka, anajipaka masizi upya, kisha anampikia supu na kutumbukiza pete ya dhahabu ndani ya bakuli. Akiulizwa, anajibu kwamba yeye kazi yake ni kurushiwa viatu kichwani tu, habari za pete hana.

Anayetaka kufichika kabisa huacha pete bakulini? Mimi naona anampima. Baba aliona uzuri akapotoka. Huyu je, ataweza kuuliza na kungoja? Naye mfalme si mjinga: dansi ya tatu anamvisha pete kidoleni kisirisiri, bila binti kuhisi. Siku hiyo binti amechelewa, masizi hayakuenea, kidole kimoja kimebaki cheupe. Kisha mfalme analivuta joho kwa nguvu, na hapo huwa namkunjia uso kidogo.

Mkimaliza, tafuteni simulizi ya Mfaransa Charles Perrault, ya mwaka 1694, iliyotungwa kishairi. Humo binti anavaa ngozi ya punda, na pete inaingia kwenye keki. Bishaneni nani mjanja zaidi. Mimi niko upande wa yule wa supu.

Babu yenu