Shukrani kwa fundi tusiyemjua jina

Fundi wetu, ahsante sana kwa kutusisitizia kijiti cha oili, kile cha kupimia kiasi cha oili kwenye injini. Gari lisimame pa tambarare, injini ya moto izimwe, usubiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke chini. Kisha chomoa, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena. Kati ya alama mbili za kijiti, ya chini na ya juu, kwa magari mengi madogo, ni kama lita 1, kwa hiyo unaongeza kidogo kidogo.

Lililotufaa kuliko yote ni hili: oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema baada ya kubadilishwa si ubovu, ni masizi. Kinachotisha ni oili inayopanda. Kijiti kikivuka alama ya juu bila mtu kuongeza, kikanuka dizeli na tone likawa jepesi kati ya vidole, basi dizeli inaingia kwenye oili, mara nyingi kwa sababu safari fupi zinakatiza uchomaji wa masizi kwenye chujio la moshi, lile linalonasa masizi kwenye bomba la moshi. Hapo usipunguze tu: tafuta chanzo, mwaga yote, weka chujio jipya la oili na pete mpya ya kuzibia kwenye nati ya chini ya kumwagia oili. Injini ikinyonya oili iliyozidi, yaweza kuendelea kuunguruma hata ukizima ufunguo. Mungu akubariki, fundi.