Mbono kaburi: panda kwenye ua, shamba liachie mahindi

Kila dizeli inapopanda bei, wateja wetu huja na swali lile lile: haya mafuta ya mbono kaburi (jatropha) mnayokamua hapa si yangetosha kuendesha mashine ya kusaga, trekta, hata gari? Wengine huja wameshaamua kuacha mahindi msimu ujao, ekari nzima wapande mibono. Tunawaelewa. Tanzania inaagiza nje petroli na dizeli yake yote, na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikitangaza bei kikomo za mwezi, mwenye mashine kijijini ndiye anayeumia zaidi, maana gharama ya kumfikishia mafuta imo humo humo. Jibu letu ni kwamba ndiyo, yanaendesha injini. Ila kabla hujashika jembe, tupige hesabu pamoja.

Kwanza injini yenyewe. Mafuta ya mimea si mageni kwake: mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ya dizeli ilionyeshwa ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe aliieleza habari hiyo mwaka 1912. Shida ni uzito. Mafuta ya mbono yaliyotoka tu kwenye mashine ya kukamua ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Yakifika kwenye nozeli, kile kitundu kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini, hayatoki kama ukungu, yanatoka kwa matone. Matone hayaungui yakaisha, kwa hiyo masizi yanaganda kwenye nozeli na kwenye ringi za pistoni, na injini inaanza kukosa nguvu. Zile injini za zamani za mwendo wa polepole, kama Lister zinazozungusha vinu vingi vijijini, huyavumilia, mradi yamechujwa vizuri, na injini iwashwe kwa dizeli, ipate moto ndipo ihamie kwenye mbono, halafu irudishwe kwenye dizeli kabla ya kuzimwa. Gari la kisasa lenye pampu ya presha kubwa, usijaribu.

Biodizeli ni kitu kingine. Hapo mafuta hupashwa moto kufikia nyuzi kama 55 au 60, kisha huchanganywa na methanoli iliyoyeyushiwa kostiki soda. Mchanganyiko ukitulia unajigawa: gliserini nzito ya kahawia inazama, biodizeli nyepesi inabaki juu. Hiyo ya juu huoshwa kwa maji na kukaushwa ndipo itumike. Ukiisikiliza hivi ni kazi ya mchana mmoja, lakini methanoli ni sumu inayoweza kupofusha mtu, inashika moto upesi, na inachemka kwenye nyuzi 65, yaani juu kidogo tu ya joto la kazi yenyewe. Si kazi ya jikoni wala ya uani penye watoto. Halafu mbegu zilizokaa na unyevu hutoa mafuta yenye asidi nyingi, na hayo ukiyatia kostiki unapata sabuni badala ya biodizeli. Ndiyo maana karakana yetu haiuzi biodizeli ya magari. Tunakamua na kuchuja, tunawauzia wenye vinu na watengeneza sabuni. Na tuseme wazi: mara nyingi mtengeneza sabuni analipa vizuri kuliko mwenye kinu.

Sasa hesabu. Lita moja ya mafuta, kwa mashine ndogo, inataka kilo 4 hadi 5 za mbegu kavu. Kipimo kinachotumika sana, kilichotokana na nyua za mibono, yaani wigo wa kuzungushia shamba, huko Mali, ni kama kilo 0.8 za mbegu kwa kila mita ya ua kwa mwaka. Ua wa mita 100 basi utakupa kilo 80, sawa na lita 16 hadi 20. Injini ya kusaga ya nguvu za farasi 8 ikibeba mzigo kamili hunywa karibu lita 2 kwa saa. Kwa hiyo ua wako peke yake ni saa 8 hadi 10 za kusaga kwa mwaka mzima. Ni kidogo. Lakini kijiji chenye kilomita 10 za nyua kinapata lita 1,600 hadi 2,000, na hizo zinatosha kinu kimoja kusaga zaidi ya saa mbili kila siku ya mwaka. Ahadi ya mmea huu tunaiona hapo: unga wa kijiji kusagwa kwa mafuta ya kijiji, fedha ya dizeli ikabaki mikononi mwa wanaochuma mbegu.

Shambani hali ni tofauti. Mbono hustahimili ukame kwa maana ya kwamba haufi. Kuzaa sana ni jambo jingine, unataka maji na mbolea kama mazao mengine. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, yanachumwa kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko. Kisarawe, zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji zilitolewa kwa mradi wa mbono, kazi ikasimama mwaka 2011, vibarua wakabaki bila ajira na wanavijiji bila ardhi yao. Kilwa nako mradi mkubwa ulisimama kabla ya kutoa mafuta ya maana. Mkulima mwenye ekari mbili hana pa kuegemea mambo yakienda hivyo. Kwenye ua, mbono haugombanii nafasi na chakula, na ng'ombe na mbuzi hawaugusi, kwa hiyo unalinda shamba hata mwaka ambao hukuchuma kitu.

Ukitaka kutuletea mbegu, chuma matunda yaliyogeuka manjano au kukauka, yabangue, anika mbegu kivulini kwenye hewa, usiziweke kwenye mifuko ya plastiki. Tunapokea kwa kilo, na mashudu tunakurudishia ukitaka: ni mbolea nzuri, ila usimpe mfugo wowote, yana sumu. Mbegu zenyewe ni sumu vilevile, na ladha yake huwavutia watoto. Wakila punje chache tu hutapika na kuharisha vibaya. Kiroba kikae juu, mbali na mikono yao, mpaka siku ya kuleta.