Baba, nikueleze habari za Ella Grasso

Hartford, Connecticut

Baba mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Baridi imeanza kuuma lakini kazi inaendelea. Pesa za dawa za mama nimezituma kwa simu ya kaka. Naomba mnijulishe zikifika.

Kaka amenieleza yaliyosemwa kikaoni siku mdogo wangu alipotangaza kwamba mwaka 2027 anataka kuwania kiti cha uwakilishi wadi. Wazee waliuliza mumewe ni nani katika siasa, na watoto atamwachia nani. Nawe, nasikia, ulinyamaza. Sikutaka kulizungumza kwa simu, maana simu ina haraka na jambo hili lataka utulivu. Nakuandikia uisome polepole, na ukitaka uwasomee na ami zangu.

Jimbo hili ninaloishi liliwahi kuongozwa na mwanamke aitwaye Ella Grasso, aliyeapishwa Januari 1975. Kabla yake Marekani ilikuwa imekwisha kuwa na magavana wanawake watatu, na wote watatu walipitia mlango wa waume zao. Nellie Tayloe Ross wa Wyoming alichaguliwa baada ya mumewe kufariki akiwa gavana, akaapishwa Januari 1925. Mwezi huohuo akaapishwa Miriam Ferguson wa Texas, ambaye mumewe alikuwa ameng'olewa ugavana. Mwaka 1967 akaja Lurleen Wallace wa Alabama, kwa sababu sheria ya jimbo haikumruhusu mumewe kuendelea kwa muhula mwingine. Siwadharau hata kidogo. Lakini Grasso ndiye wa kwanza kuchaguliwa bila kuwa mke wala mjane wa gavana. Mumewe, Thomas, alikuwa mwalimu wa shule.

Grasso alizaliwa mwaka 1919 katika mji mdogo wa Windsor Locks, pale pale ulipo uwanja wa ndege tunaoshukia sisi tunaokuja Hartford. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, baba yake mwoka mikate, na yeye ndiye mtoto wao wa pekee. Wakamsomesha. Akachukua digrii mbili katika chuo cha Mount Holyoke, ya pili mwaka 1942, mwaka huohuo akaolewa. Mwaka 1952, akiwa na watoto wawili wadogo nyumbani, akagombea kiti katika bunge la jimbo na akashinda. Hapo, baba, ndipo ninapotaka wazee wasimame kidogo. Wale watoto hawakuharibika, na yule mama hakuacha kuwa mama.

Kutoka hapo hadi ugavana ilimchukua zaidi ya miaka 20. Alikuwa Katibu wa Jimbo kwa miaka 12, ofisi inayosimamia uchaguzi na kumbukumbu za serikali, akaigeuza kuwa mahali ambapo mtu yeyote aliweza kuingia na shida yake hata kama haikuihusu ofisi hiyo. Akaenda Washington bungeni mihula miwili, kisha akarudi nyumbani kugombea ugavana mwaka 1974. Katika maisha yake yote hakushindwa uchaguzi hata mmoja. Ndiyo maana sioni aibu mdogo wangu kuanzia kwenye wadi, huko kwenye visima na barabara za vijijini.

Ugavana wenyewe haukuwa rahisi. Aliikuta hazina ina nakisi kubwa. Mshahara wake ulipoongezwa kwa dola 7,000, nyongeza ambayo sheria haikumruhusu kuikataa, alizirudisha hazina. Gari la fahari la serikali likauzwa, na ndege pia. Mpaka hapo namsifu kwa moyo wote. Lakini Desemba 1975, Krismasi ikikaribia, aliwaachisha kazi wafanyakazi 505 wa serikali. Hilo limenikaa rohoni. Mimi ni mtu wa mshahara, najua maana ya kukosa kazi watoto wakingojea sikukuu, na naona angeweza kuchagua wakati mwingine. Mdogo wangu akipata kiti naye ataombwa kuamua mambo yatakayoumiza watu, ajue mapema.

Kinachokumbukwa zaidi huku ni theluji ya Februari 1978. Wazee ninaowahudumia kazini wakianza kuizungumza hawamalizi. Dhoruba iliangusha theluji mpaka magari yakazama barabarani. Gari la gavana nalo likakwama kwenye Farmington Avenue, naye akashuka akatembea karibu maili moja ndani ya theluji hiyo, umri wake miaka 58, mpaka jengo la kikosi cha ulinzi wa jimbo, ndiko aliko­ongozea shughuli za uokoaji. Akafunga barabara zote za jimbo kwa siku tatu, asipite mtu isipokuwa wa dharura, ili mashine zipate nafasi ya kusafisha. Na kwenye uwanja fulani mtu alikanyagakanyaga theluji akaandika herufi kubwa za kuonekana kutoka angani: "Ella, msaada!" Hakuandika gavana wala mheshimiwa. Alimwita kwa jina lake, kama unavyomwita mtu wa nyumba ya pili ukiwa na hakika atatoka.

Mwaka huohuo akachaguliwa tena. Mwaka 1980 madaktari wakamkuta na saratani ya ovari. Alipoona mwili haumruhusu kazi, akajiuzulu Desemba 31, akafariki Februari 5, 1981. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka Joyce Laboso wa Bomet, mmoja wa magavana wanawake watatu wa kwanza kwetu Kenya mwaka 2017, pamoja na Charity Ngilu na Anne Waiguru. Naye saratani ilimchukua akiwa madarakani, Julai 2019. Mwenyezi Mungu awape nguvu walioachwa.

Nasi Kwale hatuna haja ya kwenda mbali. Fatuma Achani alikuwa naibu wa gavana kwa mihula miwili, watu wakamwona akifanya kazi, kisha mwaka 2022 wakampa kiti chenyewe. Wazee waliouliza swali lile kikaoni baadhi yao walimpigia kura. Kwa nini binti wa kwao wenyewe awe taabu?

Ombi langu ni hili. Usimpigie kampeni kama hutaki, lakini usinyamaze tena. Mbele ya ami zangu useme ana ruhusa yako. Watoto, mama amekubali kukaa nao siku za mikutano, na mimi nitalipa msichana wa kumsaidia. Hilo nimeshaongea na mama, usimkasirikie. Ada ya uteuzi nitachangia nusu, nusu aitafute mwenyewe kwa wanaomtaka.

Nijibu kupitia kaka, na nisalimie wote nyumbani.

Wako mtiifu,
Binti yako mkubwa