Mila gani, ikiwa kuta zake zilipikia githeri?

Mhariri,

Ile habari yako ya majuzi kuhusu shule ya wavulana iliyo karibu na ziwa na mila zake za maigizo, ile yenye picha ya mwalimu mkuu amekumbatia kombe kama mtoto aliyepona surua, imeninyima usingizi siku tatu. Nimekuwa msomaji wako tangu nikiwa kijana wa kusukuma mkokoteni pale soko la Kibuye, Kisumu, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Nilidhani mambo ya magazeti yana wenyewe. Lakini mwandishi wako ametuambia kwamba shule ile imeilinda mila yake ya jukwaani kwa karibu miaka 30, na mimi ndiye niliyekuwa seremala wa shule hiyo kwa miaka 26. Hiyo mila naijua. Niliipigilia misumari mwenyewe.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana mwandishi wako hakumuuliza mtu yeyote asiyevaa tai. Kila Januari shule ikifunguliwa, mwalimu wa Kiswahili na vijana wake walikuwa wakija karakanani kwangu usiku, wanakaa juu ya mbao, na mchezo unazaliwa hapo hapo kwenye maranda. Hakuna aliyekuja na karatasi zilizokwisha pigwa chapa. Mmoja anasema mjomba wake amenyang'anywa shamba, mwingine analeta kisa cha kamati ya kanisa iliyokula pesa za mabati, wanabishana mpaka sauti zinapanda, mwalimu anaandika. Ikifika Februari nimeshaambiwa cha kujenga. Ukuta wa nyumba tuliutengeneza kwa fremu za msaiprasi, nyuma plaiwudi nyembamba, mbele mkeka wa mafunjo kutoka Dunga, mwepesi kiasi kwamba vijana wawili wanauinua wakicheka. Maleba tuliyafuata Kibuye Jumapili alfajiri marobota ya mitumba yakifunguliwa. Koti la chifu shilingi 150. Gauni la mke wa mheshimiwa shilingi 80, na kijana wa Kidato cha Pili aliyelivaa alipata taabu kuliko wote, maana gauni lilikuwa halina zipu na tulilishona mwilini mwake dakika chache kabla ya kupanda jukwaani.

Halafu kulikuwa na onyesho la wapishi. Mwandishi wako hajalitaja, na ndilo lililokuwa mila yenyewe. Kabla mchezo haujatoka langoni kwenda mashindano ya zoni, ngazi ya mwanzo ya Tamasha la Kitaifa la Maigizo la shule, uliigizwa kwanza jikoni, usiku, mbele ya wapishi, dereva, bawabu na mimi. Bawabu wetu alikuwa mtu mgumu, mstaafu wa jeshi, na asipocheka pale palipokusudiwa kuchekesha, mwalimu alikunja daftari lake akaenda kuandika upya. Sijaona mwamuzi wa tamasha aliyeogopwa vile. Na msimu ukiisha, hata kama tumetupwa nje kwenye zoni siku ya kwanza, kila aliyeugusa mchezo aliandika jina lake kwa penseli yangu ya useremala kwenye mgongo wa ukuta: mwigizaji, mvuta pazia, hata yule wa kubeba ndoo ya maji. Mtu wa Kidato cha Nne anamkabidhi nyundo wa Kidato cha Pili, basi, watu wanaenda kulala. Kuta tatu za mwanzo, za 1997, zilijaa majina hadi vijana wa baadaye wakawa wanayabana kwenye fremu.

Sasa nikufikishe kwenye Januari ya 2023, mwaka wangu wa mwisho pale. Alikuja kijana mmoja kutoka Nairobi, kofia kichwani ndani ya ofisi, tukaambiwa huyu ndiye mwelekezi. Vijana walimwita dairekta. Mchezo alikuwa nao tayari kwenye begi. Nilizishika karatasi zile kwa mikono yangu kwa sababu niliambiwa nizisome nione kama kutahitajika meza. Ukurasa wa kwanza, mahali pa jina la shule, palikuwa pamepakwa wino mweupe na jina letu kuandikwa juu yake kwa kalamu. Ukiinua karatasi kwenye mwanga ulisoma jina la shule nyingine ya mbali kabisa. Mhariri, nguo ya mitumba hata mimi huwa naisuuza kabla ya kumvisha mtu! Nikamwonyesha mwalimu wa Kiswahili. Akaniambia, "Fundi, mimi siku hizi ni wa kuandaa orodha ya basi tu." Mwalimu ambaye miaka 11 mfululizo aliandika na kufuta na kuandika, amegeuzwa mtu wa kuhesabu vichwa. Meza haikuhitajika, kumbe hata ukuta haukuhitajika, maana mandhari ilikuja na lori, imechapishwa kwenye kitambaa kama bango la mgombea. Wakati huohuo mhasibu alinirudisha mara mbili nilete risiti ya misumari ya shilingi 640, ilhali bahasha ya dairekta niliiona ikipita dirishani mwa gari bila hata karatasi ya kuisindikiza. Na kwa kuwa lori lile lilikuwa na vyuma vya kusimamishia kile kitambaa, na vyuma vinataka stoo, stoo ikafagiliwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua gundi. Niliporudi mpishi mkuu alinishika mkono mlangoni: "Omera (ndugu) fundi, njoo uone ukuta wako unapika githeri." Nikaenda nikaona. Msaiprasi mkavu wa miaka 26 unawaka vizuri, sufuria za mahindi na maharagwe zilikuwa zinachemka tatu kwa pamoja. Niliuvuta ubao mmoja kwa koleo nikaukanyaga kwa kiatu. Ulikuwa umebakiza majina manne na nusu, na ile nusu ilikuwa ya mvuta pazia wa 2003, kijana aliyekuwa na kigugumizi na ambaye hakuwahi kusema neno jukwaani, ila pazia lake halikukwama hata siku moja.

Hiyo ndiyo shule iliyolinda mila.

Walishinda, ndiyo. Walifika ngazi ya kanda wakarudi na kombe, na tangu hapo kila mwaka kuna dairekta na kila mwaka kuna mchango. Nina mjukuu pale. Mwaka huu tulidaiwa shilingi 1,500 za maigizo juu ya karo, na mjukuu mwenyewe si mwigizaji. Mwenzake anayelala kitanda cha juu ndiye mwigizaji, na alikuja naye kwangu likizo. Nikamwomba anipe maneno yake. Akasimama, akatoa Kiingereza kirefu kisicho na nukta, mikono ikipanda na kushuka kama polisi wa barabarani. Nikamuuliza huyo mtu unayemwigiza amekasirikia nini. Akatazama chini. "Kwara (babu), hatukuambiwa. Tuliambiwa hapo ndipo pa kulia."

Najua utakachosema, Mhariri: kwamba maneno yangu ndiyo yaliyosemwa Nakuru. Aprili 2025 wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walipofika kwenye fainali za kitaifa na tamthilia isiyowapendeza wakubwa serikalini, Mahakama Kuu ya Kisii ikiwa imekwisha agiza waruhusiwe kuigiza, mwandishi wao akazuiwa na kukamatwa, ikasemwa yeye si mwalimu, anatafuta nini kwa wanafunzi? Watoto wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Nje vitoa machozi. Aibu ile sina neno la kuipunguza, na naomba mtu asiichukue barua yangu akaiweka kwenye faili la waliofyatua ule moshi. Wale wasichana walijua walichokuwa wakikisema, ndiyo maana walijua pia jinsi ya kukinyamazia. Shida yangu mimi ni vijana wanaolia kwa sababu wameambiwa hapo ndipo pa kulia. Na ajabu ni kwamba serikali inamwona mwandishi wa nje pale tu mchezo unapoiwasha. Mchezo ukisifu miradi, dairekta hata aje na lori kumi.

Tamasha hili lilizaliwa kabla ya uhuru, shule za Wazungu zikiigiza tamthilia za kwao. Watu kama Wasambo Were, aliyekuwa mkaguzi wa maigizo wa Wizara ya Elimu, walihangaika kulitoa huko ili mtoto wa Kakamega au Siaya apande na kisa cha kijijini kwao, kwa lugha anayoiotea ndoto. Lilipotoka kwa Mwingereza halikutolewa ili likabidhiwe kijana mwenye begi. Kuhusu ngoma za ubunifu sitasema kitu. Huko wameharibu zaidi, na magoti yangu hayanipi haki ya kuzungumzia ngoma.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kuna hawa wengine wanaozunguka shuleni na basi dogo na spika wakiigiza vitabu vya kutahiniwa. Shilingi 200 kwa kila mtoto, shule nzima inakusanywa kwenye ukumbi wa kulia, wanaruka maonyesho mawili kwa sababu mchana wana shule nyingine huko Ahero, na pengo wanalijaza kwa vichekesho vya kwenye simu. Mwaka mmoja wanafunzi walitoka wakidhani mhusika mkuu ni mlevi. Hakuna mlevi kwenye kitabu! Aliyecheza ndiye aliyekuwa amelewa. Nilikuwa nimekaa nyuma nikirekebisha benchi, harufu ilinifikia. Watoto wakayapeleka hayo kwenye mtihani wa majaribio na mwalimu akalaumiwa kwa matokeo. Viti vyetu sita vya mbao walivyokalia pia havijawahi kurudi, lakini hilo nitalipeleka kwa chifu.

Tunaambiwa sasa kwamba hawa wa Gredi ya 10, wa mwanzo wa sekondari ya juu, walioanza Januari 2026 wana njia tatu za masomo, na mojawapo ni ya Sanaa na Michezo, ambayo ndani yake mtoto anaweza kusoma Maigizo na Filamu kama somo. Wizara ilikadiria asilimia 15 ya wanafunzi wataifuata njia hiyo. Sawa. Ningependa kujua hao asilimia 15 watafundishwa nini, kupokea begi au kulifungua. Mfumo wa zamani wa elimu, wa 8-4-4, ulipoletwa 1985, pamoja na kasoro zake zote, angalau mtoto alishika randa akajua mti una njia yake.

Sitaki kulalamika bila dawa. Napendekeza kwamba katika mashindano ya mwakani, kabla pazia halijafunguliwa, mwamuzi amwite jukwaani aliyeandika mchezo amuulize maswali matatu: bweni la waigizaji wake lina milango mingapi, githeri ya shule hupakuliwa saa ngapi, na mvuta pazia anaitwa nani. Akikosa moja, kanda nzima inywe chai irudi nyumbani. Pili, mandhari yote yaingie kwenye basi la shule pamoja na waigizaji wakiwa wameketi, na ambacho hakitaingia kibaki. Tatu, kila dairekta aandike risiti na kuibandika mlangoni mwa ofisi ya mhasibu, pembeni ya ile yangu ya shilingi 640, ambayo nasikia bado ipo.

Wewe mwenyewe, Mhariri, ukituma tena mtu kuandika habari za mila, mwambie apitie jikoni kabla ya kwenda ofisini. Wale wapishi wawili wa zamani bado wapo, na mmoja anaweza kumkariria mchezo wa 1999 mwanzo hadi mwisho, pamoja na mahali bawabu alipokataa kucheka.

Ule ubao ninao karakanani kwangu nyuma ya soko la Kibuye, umeegemea ukuta karibu na msumeno. Mmoja wa wale wanne aliupitia Desemba na watoto wake, akapiga picha. Bado nangoja watatu na yule wa nusu. Wasije Jumapili, soko hujaa na sitaweza kuusogeza.

Seremala mstaafu,
Kisumu