Shukrani kwa mliomchangia binti yetu matibabu ya macho, Wete

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi wazazi wa mtoto mliyemchangia, pamoja na bibi yake na wajomba zake, tunawashukuru nyote. Kuwataja mmoja mmoja hatuwezi, ila wengine wakipitwa tutakuwa tumekosa adabu: mzee wa Konde aliyeleta pishi mbili za karafuu kavu ndani ya kipolo cha sukari, akasema tuuze wenyewe, kinamama wa upatu waliotupa zamu yao, dereva aliyetufikisha bandari ya Mkoani kupanda boti akakataa nauli, na jamaa wa Mwanakwerekwe, Unguja, waliotulaza bila kutuuliza tunaondoka lini.

Wengi mmeuliza ni maradhi gani. Ni kuvimba kwa ndani ya jicho, si kinundu, madaktari huuita yuveitisi. Jicho halikuwa jekundu wala halikumuuma, ndiyo maana alipoanza kukosea maandishi ya ubaoni tulimgombeza kuwa mvivu. Mama yake hilo bado linamliza. Pahala pa kwanza tulipokwenda tulipewa dawa ya aleji, mara tatu. Wapo waliosema kapigwa jicho, tukamsomea, tukamzingua. Kumsomea hatujuti, tunajuta kungoja. Mpaka daktari mmoja alipomwekesha kidevu kwenye ile mashine ya kumulikia, akaona mboni imegandana na lenzi nyuma yake, haiko duara tena.

Akapimwa kifua kikuu na kaswende, akatazamwa magoti na vifundo, kwani baridi yabisi ya watoto huweza kwenda na macho haya. Hapakuonekana kitu. Sababu haijulikani, na tuliambiwa waziwazi kuwa watoto wengi wenye maradhi haya huwa hivyo hivyo. Basi anayetuuliza "kayapata wapi?" atuwie radhi, jibu hatunalo. Tunaloweza kusema ni kwamba hamwambukizi mtu. Tafadhalini, mwacheni akae dawati moja na wenzake.

Michango yenu imelipa boti, vipimo, matone ya steroidi, na vidonge vya methotreksati anavyomeza mara moja tu kwa wiki, si kila siku (bibi yake amechora alama kwenye kalenda, Jumatatu kwa Jumatatu), pamoja na kupimwa damu kuangalia ini. Matone yanatuliza uvimbe, lakini yakitumika muda mrefu yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Kwa hiyo mkituona tena bandarini Mkoani naye anacheka mzima, msidhani tunatembea. Anakwenda kumulikwa, maana jicho hili likiharibika halisemi.

Jicho la kulia sasa anasomea juzuu bila kulisogeza puani. La kushoto bado.

Daftari la michango liko kwa baba yake mdogo, nyumba ya pili kutoka msikitini, na yeyote aliyetoa ana haki ya kulifungua. Karafuu ziliuzwa kituo cha kununulia karafuu. Risiti imebanwa ukurasa wa mwisho.

Jazakumullahu khayran.

Familia, Wete, Pemba