Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Matembezi ya Mlimani kwa Mkazi wa Tanga

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama chetu kwa mwaka unaomalizika. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mhazini, nami sitayarudia. Nitajikita katika swali ambalo wanachama wapya wameliuliza katika vikao vingi: mtu aliyekulia hapa mjini, ambaye mwinuko mkubwa anaoujua ni ngazi za jukwaa la uwanja wa mpira wa Mkwakwani, achague vipi njia ya mlimani ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kuadhirika?

Msimamo wa kamati ni kwamba njia ipimwe kwa mwinuko na saa, si kwa kilomita wala kwa umaarufu wake. Kanuni tunayoitumia ilitolewa mwaka 1892 na Mskoti William Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilomita 10 za barabara ya Pangani huchukua saa mbili, lakini kilomita hizo hizo zenye mwinuko wa mita 600 huchukua saa tatu, bila kuhesabu mapumziko. Kwa kundi lenye wageni wa milima, na kwa joto letu, kamati huongeza theluthi nzima. Mwanachama mwenye programu ya ramani katika simu atazame mistari ya kimo: inapokaribiana, mteremko ni mkali, hata kama njia inaonekana fupi.

Hatua ya kwanza ni Mapango ya Amboni, kilomita zipatazo 8 kutoka mjini kwa barabara ya Horohoro. Huko hakuna mlima wa kusemea, ila ni mahali pazuri pa kujaribia viatu, na mwenye raba zinazombana atalijua hilo akiwa bado karibu na daladala.

Shule yetu hasa ni Amani, katika Usambara Mashariki. Ukifika Muheza unashika barabara ya vumbi hadi lango la Zigi, kwenye kimo cha mita 450 hivi, na Amani yenyewe, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, iko kwenye mita 900 hivi. Tofauti hiyo inamtosha anayeanza: inamtoa jasho bila kumvunja moyo, na msitu humpa kivuli karibu njia nzima. Ushauri wa kamati ni kupanda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa gari, kwa sababu mkazi wa tambarare huumizwa zaidi na kuteremka kuliko kupanda. Mapaja yasiyozoea kuzuia uzito wa mwili hutetemeka jioni na kuuma kwa siku mbili au tatu zinazofuata. Eneo hili ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, hivyo viingilio vilipwe na mwongozaji achukuliwe, hata na wale wanaodai kuijua njia. Takataka zirudi nasi, maana Mto Zigi unaotoka huko ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji yake ndiyo tunayokunywa hapa mjini.

Kuhusu Lushoto, wanachama wengi wanaipigia debe, nami naelewa sababu. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,400 hivi, basi linakufanyia kazi ya kupanda kutoka Mombo, na kutoka mjini hadi Irente ni mwendo mwepesi unaoishia kwenye genge linalotazama tambarare za chini. Kwa miguu ni rahisi kuliko Amani. Tatizo ni barabara: anayetoka Tanga alfajiri na kutaka kurudi usiku huo huo atakaa kwenye basi muda mrefu kuliko atakaotembea. Kamati inaona Lushoto ni safari ya kulala.

Masika tusipande, kwani udongo mwekundu huteleza na barabara ya Amani huwa matope. Januari na Februari, na kuanzia Juni hadi Septemba, ndiyo miezi tunayoipendekeza, ingawa Amani hupata mvua hata nje ya misimu, na koti jepesi ni la lazima.

Kamati inaleta mapendekezo mawili ili myapigie kura. La kwanza, kila kundi ligeuze ifikapo saa nane mchana popote lilipo, kwa kuwa jua letu huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima na msituni giza hutangulia. La pili, mwanachama mpya aanze na Amboni kisha Amani kabla ya kuandikishwa kwa Mlima Mlinga, ambao unazidi kidogo tu mita 1,000 lakini miteremko yake ni mikali. Wanaopinga pendekezo la pili, nami nawafahamu, watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura.

Mwenyekiti